Ufunguo Mkononi mwa MaMpinga

Gari langu liliibwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya duka la nyama, wakati mimi nimo ndani nangoja kukatiwa mbavu za kondoo. Nilitoka na kifurushi changu, nikaenda mpaka pale nilipoliacha, nikasimama. Kushoto palikuwa na gari la bluu, kulia gari la kijivu, na katikati palikuwa na uwazi wenye urefu na upana wa gari langu hasa. Chini yake, tone moja la mafuta. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Sikuwahi kujua kwamba kitu kikiondoka kinaweza kuacha umbo lake kamili namna ile.

Mlinzi wa maegesho alikuja mbio.

"Baba, una hakika ulifunga mlango?"

Miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika kiwanda cha magari hapa Uitenhage, upande wa milango. Kazi yangu ilikuwa vitasa.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi na milango tumejuana kabla hujazaliwa."

"Nauliza tu, baba. Siku hizi hawavunji. Wana kidude wanakielekeza, gari linafunguka lenyewe kama linawajua."

Polisi waliandika maelezo yangu, wakanipa namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi. "Ishike hii kuliko kitambulisho chako," askari aliniambia. "Watu wa bima hawaongei na mtu. Wanaongea na namba."

Nilipofika nyumbani niliketi mezani, nikaandika kwenye daftari yote niliyotaka kuyasema, kisha nikapiga simu ya bima. Aliyepokea alikuwa binti wa Johannesburg, jina lake Anthea. Alinionya kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Nikamwambia hiyo ni haki, na kwamba tutazungumza Kiingereza. Kiingereza nilikipata darasani usiku, miaka sita, baada ya zamu, na sijawahi kukionea haya.

Tulikwenda vizuri. Rangi, mwaka, namba ya injini. Kisha akauliza, "Funguo za gari ni ngapi, Bwana Matomela?"

"Mbili."

"Zote unazo?"

"Mmoja ninao mimi. Wa pili anao mke wangu."

"Na yeye yuko wapi sasa hivi?"

"Amekwenda nyumbani," nikajibu.

"Sawa. Atarudi lini?"

Nilidhani amelelewa vibaya, au labda ananipima imani. "Hatarudi, binti yangu. Ni sisi tutakaomfuata."

"Ah, mnahamia huko! Ni mbali?"

"Hakuna aliyerudi kutuambia."

Akacheka. "Basi naandika kwamba mama yuko safarini na ufunguo wa pili anao yeye."

"Andika hivyo," nikasema. "Ndivyo ilivyo."

Sisi Waxhosa hatusemi mtu mzima amekufa. Kuku hufa, mbwa hufa. Mtu tunasema *ugodukile*, amekwenda nyumbani. Nililichukua neno letu nikalivika Kiingereza changu, na sikuona kwamba limebadilika sura njiani. Mke wangu Nokwindla, ambaye mtaa mzima wa KwaNobuhle ulimwita MaMpinga kwa jina la ukoo wake, alikuwa na miezi minane makaburini. Na ufunguo wa pili alikuwa nao kweli. Nilimwekea mimi mwenyewe mkononi, asubuhi ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa.

Msiniulize kama ilikuwa busara. Dereva wa nyumba alikuwa yeye. Mimi niliyefunga vitasa vya magari ya watu wote nilifika miaka hamsini na minane sijui kuendesha, na aliyenifundisha ni MaMpinga, uwanjani nyuma ya shule, akinicheka mpaka machozi. Alikuwa amewabeba akina mama wenzake wa umoja wa kanisa kwenda mazishi ya Addo, ya Kirkwood, ya Peddie, watano watano, na kofia zao nyeupe zikigusa dari. Mtu wa namna hiyo hapendi kungoja kubebwa. Nikaona ni vibaya aende mikono mitupu.

Mkaguzi wa bima alikuja Jumanne. Jina lake lilikuwa Fortuin, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa polisi miaka ishirini na miwili kabla ya kuingia kwenye bima, na Kixhosa chake alikiokota mitaani, kikawa chepesi kuliko changu. Nilimpa chai na mkate wa mvuke. Akaweka mezani kiboksi cheusi kidogo kuliko kopo la ugoro, akakiunganisha na kompyuta yake.

"Nipe ufunguo wako, mzee."

Nikampa. Akauchomeka kwenye kile kiboksi, na maandishi yakaanza kuteremka kwenye kioo.

"Uliwasha gari mara ya mwisho Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini na moja," akasoma. "Lilikuwa limetembea kilomita tisini na sita elfu mia nne na kumi na mbili. Mafuta, nusu tangi."

"Nani amekuambia?"

"Ufunguo."

"Huo?"

"Kila ukiwasha gari, ufunguo unaandika. Haudanganyi na hausahau."

Niliuchukua nikaugeuza kiganjani. Maisha yangu yote ya kazi nilidhani ufunguo ni jino tu, unauma kitasa, basi. Kumbe lilikuwa jino lenye kumbukumbu. Wazo likanijia palepale. Kule chini ya udongo ufunguo wa MaMpinga nao ulikuwa unakumbuka. Siku ya mwisho aliyoendesha, saa aliyowasha, kilomita alizokwenda. Mimi nilikuwa nimezisahau. Ufunguo haukusahau.

"Na ule wa pili?" Fortuin aliuliza. "Mama amesharudi?"

"Kutoka wapi?"

"Kutoka nyumbani kwao." Akafungua karatasi. "Hapa umesema amekwenda nyumbani, yuko safarini, na mnahamia huko."

Nikamtazama. Akanitazama. Macho yake yakapanda mpaka kwenye picha ya MaMpinga ukutani, iliyofungwa utepe mweusi, kisha yakanirudia.

"Mzee," akasema polepole. "Ulisema *ugodukile* kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

Akafunika uso kwa viganja vyake vyote viwili. "Mzee wangu! Ulimwambia hivyo mtoto wa Johannesburg!"

"Kwani Johannesburg watu hawaendi nyumbani?"

"Wanakwenda Ijumaa, wanarudi Jumatatu!"

Tulicheka wote wawili, na kicheko kikaisha upesi. Nikamweleza ufunguo ulipo. Alisikiliza bila kuandika. Mwishoni akasema ananiamini, lakini fomu yake haina nafasi ya kuandika kuamini.

"Sikiliza nikwambie wanavyofikiri ofisini. Mtu akitaka kuuza gari lake kwa wezi kisha adai bima, huwapa ufunguo wa pili. Mmoja anabaki nao kwa ajili ya kunionyesha mimi. Sasa wewe ufunguo wa pili huna, na kwenye rekodi umesema anao mke aliye hai. Nahitaji ufunguo wenyewe, au nahitaji watu waliouona ukiingia ardhini. Una siku kumi na nne. Zikipita, madai yanakataliwa kwa udanganyifu, na jina lako linaingia kwenye orodha ambayo kampuni zote za bima huisoma."

"Matomela? Kwenye orodha ya waongo?"

"Kwa herufi kubwa. Na kwanza lazima nirekebishe hili neno. Niandike nini?"

"Andika unavyojua."

"Siwezi kukusemea. Sema wewe."

Nilitazama ile picha. "Amekufa," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika miezi minane. Neno lilikuwa dogo sana. Fortuin aliliandika, akanigusa bega, akaondoka.

Jioni ile ile alikuja shemeji yangu Sithembele, kaka yake MaMpinga, mtu ambaye hajawahi kukutana na tatizo asiloliona jepesi.

"Bhele," aliniambia, akinitaja kwa jina la ukoo wangu, "hapa kuna kazi gani? Tunachimba."

"Tunachimba nini?"

"Dada yangu namjua. Angekuwa wa kwanza kusema chukueni ufunguo wenu. Manispaa wanatoa kibali, nimeshaulizia. Asubuhi moja tu, tunafungua, tunatoa, tunafunga."

"Utamfungua dada yako kama kopo la samaki?"

"Afadhali kopo lifunguliwe kuliko jina liharibike. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Unataka wajukuu wake wasome kwenye kompyuta kwamba Matomela ni mwizi wa gari lake mwenyewe?"

Alikuwa amenipiga pale panapouma. Katika miaka thelathini na mmoja kadi yangu ya kiwandani haikuchelewa hata siku moja. Gari lingeweza kwenda. Mimi nina miguu. Lakini sikuweza kufikiria kulala kaburini, siku yangu ikifika, chini ya jiwe lenye jina linalosomwa kwa herufi kubwa mahali pengine.

Na nitasema ukweli, kwa sababu hadithi hii haina maana bila huo. Siku mbili nilitaka kuchimba, na haikuwa kwa ajili ya jina. Nilitaka kile kiboksi cheusi kiusome ufunguo wake. Nilitaka kujua safari ile ya mwisho alikwenda wapi. Nilikaa na fomu ya kibali cha manispaa mezani, ile aliyoniletea Sithembele, imejazwa kila mahali ila sahihi yangu, na mara mbili nilishika kalamu. Mara ya pili ndipo nilipojiona: mzee mzima anataka kumfumbua mkewe vidole ili apate kujua kilomita. Nikaona aibu iliyonifanya nisimame. Nikaichana ile karatasi, nikaitia kwenye jiko la kuni.

Ikabaki njia moja. Asubuhi ile ya mazishi, chumba kilipofungwa, walikuwamo wanawake wanne, wale waliomwosha na kumvika sare yake ya kanisa. Wao waliuona ufunguo ukiwekwa. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku yao ya kukutana kanisani. Nikavaa koti, nikaenda kwa miguu.

Mwanamume haingii kwenye kikao cha akina mama. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka Mama Gqirana, kiongozi wao, aliponiona na kutoka nje. Alikuwa ndani ya blauzi yake nyekundu na kola nyeupe, na upana wake uliziba mlango wote.

"Bhele! Umekuja kujiunga? Sare ya saizi yako hatuna."

"Mama, nina shida."

"Mwanamume akija hapa Alhamisi tunajua ana shida. Sema."

Nikasema yote. Nilipofika kwenye simu ya Johannesburg alibana midomo kwa nguvu, na mabega yakamtikisika. Lakini nilipomwomba ushahidi, uso wake ulijifunga.

"Kinachoonekana kwenye kuosha hubaki kwenye maji," akasema. "Nimeosha wanawake sitini na wanne. Hata mchungaji hajawahi kuniuliza neno."

"Sikuulizi mliyoyaona kwenye kuosha. Naomba kile kilichokuwa mkononi mwake."

"Mkono nao ni wake."

Nikavaa kofia yangu, nikageuka. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita.

"Bhele. Hatuwezi kufungua midomo bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Mwambie huyo mtu wako aje makaburini Alhamisi ijayo, saa nane mchana. Na Sithembele aje pia, lakini koleo lake aliache nyumbani."

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya kumi kati ya zile kumi na nne. Fortuin alifika mapema na kamera yake, akapiga picha jiwe la kaburi, jina, tarehe. Sithembele alikuja mikono mitupu, amenuna. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka bondeni. Nilimwambia Fortuin tunangoja wanawake wanne.

Kwanza tuliwasikia. Sauti ilikuwa chini sana, nikadhani ni lori linapanda kilima. Kisha Sithembele akasema, "Mama yangu," akavua kofia.

Walikuwa wakipanda mistari miwili, blauzi nyekundu, sketi nyeusi, kofia nyeupe, na mstari haukuisha. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha. Walikuwamo wa KwaNobuhle, walikuwamo wa Langa na wa Despatch, na nyuma kabisa niliwaona wa Kirkwood, na wazee wawili wa Addo wakishikwa mikono. Waliimba bila kufungua midomo sana, wakipiga Biblia zao kwa kiganja, pigo moja kwa kila hatua, mpaka ardhi ikawa kama ina moyo. Wote hao MaMpinga aliwahi kuwabeba. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miaka arobaini na mitatu nikidhani najua ukubwa wake.

Walilizunguka kaburi, duara ndani ya duara. Wimbo ukaisha. Mama Gqirana alipiga magoti, na kupiga kwake magoti si kazi ndogo.

"MaMpinga," akasema, kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili. "Ni sisi. Usistuke kwa wingi wetu. Mumeo amekosea neno. Unakijua Kiingereza chake." Kicheko kidogo kilipita kwenye duara kama upepo kwenye nyasi. "Sasa wanamwita mwongo. Tunaomba tuseme habari ya mkono wako tu. Mengine yote tuliyaacha kwenye maji, na yatabaki huko."

Kisha kimya. Wanawake wote wale, na sikusikia hata kikohozi. Fortuin alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani, na kamera ilining'inia imesahauliwa. Sikuona kitu wala sikusikia kitu, na sitadai kwamba niliona. Lakini Mama Gqirana aliponyoosha mkono ili ainuliwe, alisema, "Amekubali," na hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Fortuin akarudi kwenye kazi yake. Alituchukua mmoja mmoja, mbali na wenzake, kila mmoja kando ya kaburi tofauti, akauliza maswali yaleyale. Alianza na mimi. Ufunguo ulikuwaje? Nani alikuwa wapi? Uliuweka mkono gani?

"Wa kulia," nikasema bila kusita.

Kisha akawachukua wale wanne. Wa mwisho alikuwa Nomalizo, mdogo wao, mwanamke wa ulimi mwepesi, na upepo ulitupulizia maneno yake mpaka pale tulipo.

"Wa kushoto! Tena Bhele mwenyewe alimwekea kidole gumba juu ya kile kitufe cha kufungulia. Nikacheka. Nisamehe Mungu, nilicheka, Mama Gqirana akanifinya hapa. Nikuonyeshe?"

"Hapana, mama, nakuamini."

Alirudi na daftari lake, uso hauonyeshi kitu. "Mzee Matomela, ulisema mkono wa kulia. Hawa wote wanne wanasema wa kushoto."

"Bhele!" Sithembele alipiga kelele. "Hata mkono wa mkeo huujui?"

Nikafumba macho. Nikajirudisha kwenye kile chumba, na mshumaa, na harufu ya sabuni. Nilisimama wapi? Miguuni pake, nikamwinamia. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia mbele yangu, juu ya kaburi, na mkono uliokuwa ukielekeana nao ulikuwa wa kushoto. Miezi minane nilikuwa nimekumbuka mkono wangu nikidhani nakumbuka wake.

"Wao wako sahihi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Andika hivyo."

Fortuin alifunga daftari.

"Mzee, nimekula mshahara wa kusikiliza uongo tangu nikiwa kijana," akasema. "Watu waliokaa pamoja kupanga uongo hawatofautiani kuhusu mkono. Wanaanza na mkono. Ningewasikia watano wote mkinitajia mkono mmoja, ningewasha gari langu nikaenda zangu." Akageuka kwa akina mama. "Nitawahitaji wanne wenu kituo cha polisi, mkaape kiapo. Kaburi halitaguswa. Na jina la mzee huyu haliendi kokote."

Mama Gqirana alisema amina, na duara zote zikaitikia, sauti ikapanda kilima na kuteremka upande wa pili. Sithembele alikuwa akijifuta macho kwa kofia yake, akisema ni vumbi.

Walikuwa wameanza kujipanga kuondoka Nomalizo alipogeuka.

"Lakini bwana mkaguzi, mimi nina swali. Mnahangaika mnauliza nani kachukua gari. Kwani mwenye ufunguo wa pili ni nani?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Tuliutazama udongo, sote, na upepo ulikuwa umetulia. Kisha Mama Gqirana akaanza, kicheko cha chini kutoka tumboni, kikapita duara hadi duara, mpaka wale wazee wa Addo wakashikiliana wasianguke.

"Hilo," Fortuin alisema, akivaa kofia yake, "siliandiki."

Bima walilipa baada ya wiki tatu. Barua yao ilisema wanasikitika kwa msiba wangu, na walilitumia lile neno dogo. Gari halijaonekana, si mpakani, si kwa wauza vyuma vya zamani, si popote. Zamani nilikuwa nikipita kituoni kila Jumatatu kuulizia. Sasa siulizi tena.